Paswedi kwa Wakwe

Jumatatu, 3 Machi 2025. Koboko.
Bahati imenijia yenyewe, tena kwa machela. Mzee Tongun wa Lurujo, baba yake Ritah, amelazwa kwenye kliniki yetu. Moyo. Mimi ndiye mtu wa kompyuta hapa. Amefungiwa ile pampu mpya ya dripu, inayosukuma dawa kidogo kidogo na kupokea amri kutoka kwa simu kupitia waifai. Nimeiunganisha mwenyewe. Mbali na paswedi ya waifai, ilidai na yake yenyewe. Nimeiondoa, inachosha. Ritah amenishukuru. Swadiki, anayemtaka Ritah kama mimi, amekuja na spika ya muziki na kreti ya soda. Mgonjwa wa moyo na soda wapi na wapi? Mshamba.

Jumanne, 4 Machi.
Wakwe zangu watarajiwa wamefika, ukoo mzima, na mikeka na masufuria. Wanapika uani. Shangazi yake Ritah, Mama Celestina, ameuliza kama waifai iko. Sista Night Poni, mkuu wa wauguzi, alishasema mtandao wa mashine ni wa mashine tu. Lakini mkwe akiomba, unaanzaje kukataa? Nimeandika paswedi ukutani kwa chaki, herufi kubwa, karibu na jiko. Nimepewa paja la kuku. Swadiki amepata shingo. Siku njema sana.

Jumatano, 5 Machi.
Balaa. Wakwe walitaka nyimbo za kanisa za kumfariji mgonjwa. Swadiki, aliyekwisha kuingia waifai kwa paswedi ya ukutani, akaitafuta spika yake kwenye simu, akaona jina: Pampu 3. Akadhani ndiyo, maana ilikuwa na alama za kujumlisha na kutoa kama za sauti. Akabonyeza alama ya kujumlisha. Kimya. Mama Celestina akamwambia aongeze, hasikii kitu. Akaongeza. Akaongeza tena.

Kilicholia ni pampu. Mzee alikuwa ameloa jasho, midomo imebadilika rangi. Night Poni alikuja mbio, akaubana mrija kwa mkono, akakaa naye mpaka mapigo yakatulia. Ritah alilia. Mimi nilisimama mlangoni. Niliogopa kweli.

Baadaye Night Poni akauliza nani alitoa paswedi. Nikasema mtandao siku hizi umejaa wahuni. Akanipeleka mpaka ukutani. Mwandiko wangu anaujua.

Ijumaa, 7 Machi.
Daktari Ocokoru amekuja kutoka Arua kunigombeza. Amesema anayeingia kwenye mtandao ule ameshika roho ya mtu, hata kama hana nia mbaya. Nimeitikia kila neno. Nimefuta ukuta, nimerudisha paswedi ya pampu, nimeapa. Kizuri ni kwamba ukoo unamlaumu Swadiki kuliko mimi. Na mzee ameanza kula.

Jumapili, 9 Machi. Lurujo.
Mzee yuko nyumbani. Amepewa pampu ndogo ya kuvaa kiunoni, nayo inaongozwa kwa simu. Daktari ameagiza paswedi ijulikane na watu watatu tu: yeye, mzee na mimi. Safari hii nimetumia akili. Nimeweka tarehe ya kuzaliwa ya Ritah, nisiisahau maisha yangu yote.

Baada ya ibada ukoo ulikusanyika, nikaomba nafasi ya kusema machache. Nikawaeleza nilivyochagua paswedi ya pampu na kwa nini. Nikaitaja polepole, ili hata wazee wasikie. Vigelegele. Ritah alijifunika uso, nadhani ni haya. Swadiki akaomba nirudie mwaka, alikuwa anaandika kwenye simu. Nimerudia kwa moyo mweupe. Na yeye ajue nani anampenda Ritah.