Malalamiko Dhidi ya Baiskeli ya Umeme ya Mwalimu Illuminée

Gisenyi, 12 Mei 1999

Kwa Mzee Muhamadi,
Mwenyekiti, Kamati ya Bustani ya Ufukweni na Njia ya Mikaratusi

Mheshimiwa Mzee wangu,

Shikamoo. Mmebandika tangazo langoni mkitaka maoni: je, baiskeli ya umeme ambayo mwalimu Illuminée aliachiwa na Mzungu aliyerudi kwao ihesabiwe baiskeli, au pikipiki, ambazo njia yetu haizipokei? Mimi Wellars, mtumiaji wa njia hiyo kwa miguu yangu halali, nalalamika hivi:

1. Haina sauti. Pikipiki ina adabu ya kupiga kelele, ukajiandaa. Hii inakupita ukiwa bado unatafuta neno la kusema.

2. Inapanda mlima yenyewe. Desturi yetu inajulikana: ukimkuta mtu anasukuma baiskeli yenye mzigo, unashika keria, mnasukuma na kuzungumza mpaka juu. Miaka miwili nimesukuma madaftari ya mwalimu huyu, dakika arobaini kila jioni. Sasa ananipungia mkono tu: "Bon, Wellars, mi natangulia." Dakika saba amefika. Nimezipima.

3. Anafika juu bila jasho. Mtu asiyetoka jasho kwenye mlima ule atadhaniwa nini? Namwonea huruma yeye, si mimi.

4. Jambo hili litaenea. Leo mwalimu, kesho wauza viazi wa Mahoko, keshokutwa nchi nzima. Vilima vyetu vikishakuwa rahisi, nani atamsaidia nani? Watu hawataoana.

Kwa hiyo naomba iamriwe kwamba kwenye njia yetu baiskeli hiyo izimwe, isukumwe kwa mkono, chini ya usimamizi wa msukumaji aliyeidhinishwa na kamati. Kazi hiyo niko tayari kuifanya bure, hata siku za mvua.

Nisalimie mama nyumbani, wajumbe wote, na mlinzi Ndayisaba aliyenisaidia kuhesabu zile dakika saba.

Wako mtiifu, mlimani na bondeni,
Wellars Mbonigaba

N.B. Nilikuwa sijafunga bahasha. Jana umeme ulikatika mjini, baiskeli haikuchajiwa, ikazimika kona ya pili. Ni nzito kuliko gunia la viazi. Tumeisukuma wawili kwa saa moja na nusu, nikapata muda wa kumaliza sentensi niliyoianza mwaka juzi. Kwenye kona ya mwisho akasema: "Donc, uende uongee na mama yangu. Iko kwetu kule Nyundo." Nimefurahi mno, Mzee wangu. Nafuta malalamiko yote manne. Baiskeli iruhusiwe. Kinachostahili kupigwa marufuku ni kuichaji.