Kulabu ya Mzee Wilf

Jumatatu, 3 Machi
Mzee Wilf amehamia kwa binti yake, kando ya bahari. Ameondoka na kikombe chake cha bati. Kulabu yake juu ya kaunta ya baa ya stesheni iko tupu. Niliitazama jioni nzima, bia ikaisha povu. Vikombe vya wenyeji vimening'inia pale, kila kimoja na mwenyewe. Asiye na kikombe ni mpita njia tu. Mimi ni mpita njia wa miaka kumi na mmoja. Inaniuma.

Nikamdokeza Glenys, mwenye baa. Akasema kulabu ni za wakazi wa Penwick, na mimi, Bwana Treni kama wanavyoniita, si kwangu ni Coldham, stesheni ya mbele?

Kwangu ni Mtaa wa Alma, nyuma ya baa hiyohiyo. Lakini wangejuaje? Kila zamu yangu ya kununua raundi, yaani bia za meza nzima, inapokaribia, nasikia treni, nainuka, naaga. Napanda ngazi za stesheni, navuka daraja, nazunguka, naingia nyumbani kwa mlango wa uani. Mbinu safi. Haijawahi kunigharimu kitu mpaka leo.

Jumanne, 4 Machi
Mervyn naye anaitaka kulabu. Mervyn, mkulima wa viazi vya bustanini, aliyeanza kuja juzi tu. Ana kicheko kama mlango usiotiwa mafuta, na huwanunulia watu bia bila kuombwa. Mjinga.

Nimemuwahi. Nimetangaza mbele ya wote kwamba nahamia Penwick, Mtaa wa Alma. Glenys akasema karibu nyumbani, kulabu itanisubiri. Kisha Mervyn akasema, "Mzee, usihangaike na vyombo. Jumamosi nakuja na gari na washikaji, tunakuhamisha bure."

Wakagonga meza kwa furaha.

Alhamisi, 6 Machi
Tatizo ni dogo tu: vyombo vyangu tayari viko ninakohamia. Nimekodi gari, nimevipeleka vyote Coldham kwa dada yangu Enid, ili vikahamishwe kutoka huko. Enid aliuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia haya ni mambo mazito, hawezi kuyaelewa.

Leo nalala sakafuni, nimejifunika koti. Kikombe nimeshanunua, cha bati, kimechorwa jina langu. Nakikumbatia.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua tangu asubuhi. Mervyn na wenzake wawili wamebeba kitanda, kabati, na piano ya marehemu mama. Mervyn ameteguka kidole kwenye ngazi. Hakulalamika hata kidogo, jambo lililoniudhi.

Walipoishusha chini piano sebuleni, jirani yangu Bi Hettie akachungulia mlangoni. "Lionel, umerudi? Juzi nilikuona unahama, nikalia mwenzio. Miaka yote hii ya ujirani, hata kwaheri ya mdomo!"

Mervyn akaiangalia piano. Akaniangalia mimi. Akaangalia daraja la stesheni dirishani, na nikaona anazikumbuka treni zangu moja baada ya nyingine.

"Kumbe," akasema. Akaenda kufunga gari lake.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda baa na uso mkavu. Nilitegemea matusi. Glenys akasema wamelijadili suala langu: mkazi ni mkazi, hata akiwa mwongo. Akachukua kikombe changu, akakitundika mwenyewe kwenye kulabu ya Wilf. Watu wakapiga makofi. Mervyn aligonga meza kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kimefungwa bendeji. Machozi yalinilenga, sifichi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha Mervyn akasema kwa upole, "Haya, jirani. Raundi ya leo ni yako. Za zamani tumekusamehe."

Papo hapo bilauri zikatetemeka rafuni. Treni. Nikasimama. Naapa ni miguu, si mimi. Nikaaga. Wote wakajaa dirishani kunitazama, kwa hiyo safari hii ilibidi niipande treni kweli. Kikombe changu kimebaki kinaning'inia kule.

Naandika haya Coldham. Kando ya stesheni ipo baa nzuri ya zamani, moto unawaka, na juu ya kaunta kuna kulabu tupu. Wenyeji ni wakarimu, wameshaninunulia mbili. Kosa langu sasa nimelijua: ni treni. Hawa nimewaambia naishi hapahapa, na nina dada mgonjwa anayeweza kuniita wakati wowote.