Vitumbua vya Muhogo kwenye Baraza ya Hatim

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Kidawa kafa. Mke wangu. Homa ilimshika Ijumaa, leo alfajiri kafa. Tumemzika Mwanakwerekwe baada ya adhuhuri. Msimamizi wa ghala la karafuu kanipa ruhusa mpaka Jumapili. Kasema hamali mmoja akikosekana magunia hayalii. Sawa.

Jioni kaja Hatim, mwenye duka la nyuzi na vifungo Mchangani. Kidawa alikuwa akiuza vitumbua kwenye baraza ya duka lake kila asubuhi, toka kabla ya Mapinduzi. Hatim katoa pole, kakaa, kakohoa. Kisha kasema Bi Biasha keshamwendea kuitaka ile baraza. Bi Biasha naye anauza vitumbua, upande wa pili wa njia, kwenye jua. Kamwendea leo leo. Sisi tuko kaburini, yeye yuko dukani.

Hatim kasema yeye si mtu wa fitina. Akikaa mtu wa Kidawa na biashara ikaenda, baraza yetu. Ikifika Ijumaa hakuna kitu, anampa Bi Biasha. Nikamwambia mtu yupo. Kauliza nani. Nikamwambia atamwona.

Mtu mwenyewe mie. Kupika sijui. Lakini Bi Biasha hakai pale. Pale pa Kidawa.

Jumanne, 3 Agosti

Matanga. Watu wanasoma, mie nafikiri.

Mambo yako hivi. Mapinduzi yamepita, kila kitu kimegeuka. Majumba yamegeuka, mashamba yamegeuka, Sultani kaondoka. Biashara ya vitumbua haikuguswa. Wanawake wale wale, umbo lile lile, toka enzi za bibi zao. Na juu yao wote Bi Biasha, kakaa kama kazaliwa na upawa mkononi. Basi hiyo nitaipindua mie.

Njia nshaiona. Kitumbua ni mchele. Mchele siku hizi wa foleni, unapanga toka alfajiri unapata wa kujaza kofia. Jua halijapanda, vitumbua vyao vimekwisha. Muhogo umejaa tele. Kwa hivyo: kitumbua cha unga wa muhogo.

Nimemwambia Msabah, tunayebeba naye magunia. Kaweka juzuu chini, kanitazama. Kaniambia, Mkubwa, mkeo hana siku mbili kaburini, pumzisha kichwa. Nikamwambia kichwa hakijachoka, linalochoka ni bega. Kasema basi tupumzishe sisi.

Shemeji yangu Mwanapili, mdogo wake Kidawa, kasema kitumbua cha muhogo si kitumbua, nikitafutie jina. Nshakitafutia. Kitumbua cha Maendeleo.

Jumatano, 4 Agosti

Khitma asubuhi. Matanga tumeyaanua. Watu wametoka mlango huu, mie nimeingia jikoni mlango ule.

Mkupuo wa kwanza umeganda kwenye chuma cha vitumbua. Wa pili umetoka, lakini mgumu. Kimoja kimeanguka kikabingirika mpaka uani. Paka kakinusa, kaenda zake. Mwanapili kasimama mlangoni anacheka, halafu analia, halafu anacheka tena. Kasema dada yake angeuona unga ule angenipiga mwiko, maiti si maiti.

Kisha kaninyang'anya upawa. Katia tui, katia hamira, katia iliki, kakoroga, kauacha uumuke. Vimetoka vya maana. Rangi ya vumbi, lakini vya maana. Kasema hafanyi kwa ajili yangu. Nikamwambia hata mie sifanyi kwa ajili yake. Tukaelewana.

Alkhamisi, 5 Agosti

Kuna jambo wanawake wale hawalijui. Mtu hanunui asichokijua. Lazima aonje. Wao wanakaa wanamngoja mnunuzi kama wanangoja mvua. Mie nimesimama katikati ya njia na sinia. Kila anayepita namwambia chukua, onja, bure.

Wamechukua. Wauza samaki wa Darajani, hamali wenzangu, karani mmoja na baiskeli yake. Kila mtu kachukua kimoja, kainua mikono, kasoma Fatiha, kasema Mungu amrehemu. Nikasema amina, vipi ladha? Wakasema Mungu amlaze pema. Mzee mmoja kakaa barazani kasoma Yasini nzima. Alipomaliza kaomba kimoja cha mkewe. Sinia imekwisha sijafika hata kona.

Bi Biasha kavuka njia. Nikamwambia shikamoo, kaitika marahaba mwanangu. Kachukua viwili, kalia. Kasema Kidawa alikuwa mgomvi, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Neno la baraza hakulitaja. Adui kaweka silaha chini.

Hatim katoka mlangoni, kautazama umati, katikisa kichwa. Nimekihesabu kichwa kile kuwa ni ndiyo.

Usiku Mwanapili kauliza kwa nini watu wote walikuwa wakisoma Fatiha. Nikamwambia watu wa mji huu wana dini. Kesho nnauza.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimefika na masinia mawili, watu washajaa. Foleni imeishinda ya mchele. Maskini wa mskitini wapo. Mwalim Abdulla wa chuo cha Kurani kaja na wanafunzi wake wote, wamejipanga kwa kimo. Moyo umenipanda. Nikatangaza bei.

Mikono iliyonyooshwa ikasita. Hata ya wanafunzi.

Mwalim Abdulla kauliza, mbele ya watu, toka lini sadaka ya maiti inauzwa. Nikamwambia si sadaka, jana ilikuwa kuonja. Kauliza kuonja nini, kifo? Nikamwambia kitumbua cha muhogo, kitu kipya, Kitumbua cha Maendeleo. Hapo mama mmoja wa buibui kasema kumbe muhogo. Yeye alidhani mchele wa msiba umeoza, kakila kwa kumstahi marehemu. Nyuma wakasema na sisi. Yule karani wa baiskeli kasema chake kilimkaa kooni mpaka magharibi, kakinyamazia kwa heshima ya maiti.

Nikawaambia basi sasa mnajua ni muhogo, nunueni. Mtu mmoja kasema kaburi bado bichi, huyu anamuuza mkewe rejareja. Watu wakacheka.

Hatim katoka. Kasema kwa sauti ya chini, Bwana Mkubwa, wape tu. Nikawapa. Masinia yote mawili. Nimesomewa Fatiha mpaka masikio yamejaa. Hakuna aliyenunua hata nusu.

Ijumaa ndiyo hii. Hatim kasema kesho anakaa Bi Biasha. Aliyasema hayo anapanga vifungo, hakunitazama.

Nimerudi nimelala na viatu.

Jumamosi, 7 Agosti

Sikutoka. Sikutaka kumwona akikaa.

Mchana hodi. Bi Biasha mwenyewe, kavimba. Nikamwamkia, marahaba yake imetoka kama mtu anatema kokwa. Kasema kaniletea hesabu yangu nijue nlichofanya.

Kakaa barazani toka alfajiri, na vitumbua vya mchele, mchele wa foleni, alioupangia yeye kwa miguu yake. Mtu wa kwanza kaja, kachukua kimoja, kainua mikono, kasoma, kaenda. Bi Biasha akadhani huyo wazimu. Wa pili kaja, vile vile. Wa tatu, Bi Biasha kamshika nguo akamdai pesa. Yule kamwambia, Bi Biasha, jamani, mwenzio hana hata wiki kaburini. Kisha Mwalim Abdulla kapita na chuo chote. Sinia ikabaki nyeupe.

Kasema anarudi juani kwake. Ile baraza nshaiua. Hata akikaa mwuza dhahabu watamnyoshea mkono na kumsomea Fatiha. Kamwambia Hatim ile si baraza tena, ni wakfu. Wakfu wa Kidawa.

Nikamuuliza, Hatim naye kasemaje? Kasema Hatim kakubali, kasema basi ikae hivyo hivyo, yeye anauza vifungo.

Kidogo tu nimtake radhi. Kisha kafunua kawa juu ya sahani aliyokuja nayo, katoa vitumbua viwili alivyovificha. Kasema kula, mwanangu, hivi ndivyo vinavyoitwa vitumbua. Nimekula. Ni kweli. Sikumwambia.

Jumapili, 8 Agosti

Nimepita Mchangani. Baraza tupu. Hatim kaifagia. Watu wakifika pale wanapunguza mwendo, midomo inacheza kidogo, wanaendelea na njia yao. Nimekaa. Hakuna aliyeniuliza nauza nini.

Nimefikiri. Nlitaka Bi Biasha asikae pale. Hakai. Kwa hivyo mpango umefaulu. Kilichokosea ni muhogo tu.

Sasa kahawa. Pale mlangoni mwa ghala kuna mzee mmoja wa kahawa, yuko peke yake miaka yote, hana wa kumsumbua. Anauza atakavyo, watu wanakunywa wapewacho. Hiyo si biashara, huo ni usultani. Na mbegu za bamia, ukizikaanga zikawa nyeusi ukazitwanga, nani atajua. Mwanapili kasema yeye atajua, na nisithubutu kugusa kinu chake. Nimeazima cha jirani.

Kubwa ni kuwaonjesha watu kwanza. Siku ya kwanza birika zima bure. Hamali wote, makarani, msimamizi, kila mtu kikombe.

Jioni nimemwendea Msabah kumweleza. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza, kafa nani tena?

Mtu huyu hana akili ya biashara. Mbegu nshazianika juu ya bati. Kesho narudi kazini.