Mwani, Chaza na Tumbo Langu

Jumatatu, 3 Machi.
Aibu! Kamba wote kwenye tangi langu wamekufa. Wa Nadhifu, mwenzangu hapa maabara, wanarukaruka. Na tuliwalisha mwani uleule, tuliouwekea chanjo ya vijidudu vya kwenye chaza! Mkuu wetu akaniuliza kama niliwasha pampu ya hewa. Sikuiwasha. Akasema Ijumaa wageni wakija kuiona chanjo yetu, atakayezungumza ni Nadhifu. Haiwezekani! Nitakunywa mwani huo, kisha nile chaza wabichi wenye vijidudu. Nikiwa mzima, nani atatazama kamba?

Jumanne, 4 Machi.
Nimejifungia stoo nikamaliza chupa nzima. Mwani unanuka soksi mbichi. Nikashushia chaza wanne kutoka ndoo nyekundu, macho nimefumba. Nyumbani mke wangu akauliza mbona meno ya kijani. Nikasema mchicha.

Jumatano, 5 Machi.
Mungu wangu! Nadhifu analalamika kuna mtu kanywa chupa yake ya mwani mtupu, usio na chanjo, wa kulinganishia matokeo. Nimekula vijidudu bila kinga! Tumbo linanguruma. Nimesoma dalili: homa, kuharisha, ngozi kuoza. Nimejikagua chooni mara kumi na moja. Kuna doa pajani! Sitaki kufa. Kumwambia mkuu nako naogopa. Jioni nilimwambia mke wangu nampenda sana. Akauliza nimevunja nini.

Alhamisi, 6 Machi.
Tumbo halikunipa hata dakika ya kukaa. Nimekiri, huku nalia. Nadhifu mwenyewe akanikimbiza hospitali, akanishika mkono njia nzima. Inaudhi! Daktari akasema sina vijidudu, ni ule mwani tu umenivuruga tumbo. Doa ni wino. Mkuu akaja akasema ndoo nyekundu ni ya chaza salama. Wenye vijidudu wako kwenye jokofu lenye kufuli, alilinunua wiki niliyoajiriwa.

Ijumaa, 7 Machi.
Nadhifu kapigiwa makofi. Mimi nilipanga viti. Nikamnong'oneza mgeni mmoja kwamba nilikula chaza na bado nadunda. Nadhifu akasikia, akasema sijathibitisha kitu. Wivu huo! Wote wametoka kupiga picha, na mkuu kasahau ufunguo mezani. Jokofu la chaza nimeshalifungua. Naogopa. Lakini leo chupa ya mwani nimeisoma vizuri kabla ya kunywa.