Mwalimu Stanley wa Soko la Rangwe

Jumatatu, 9 Juni

Daftari mpendwa, pokea salamu zangu, mimi Bochaberi, Mama Emmah, muuza ndizi wa soko la Rangwe. Baba Emmah, Bwana Okari, anakusalimu. Mgongo bado unamsumbua lakini ugali anamaliza. Mosoti, mdogo wake Emmah, anakusalimu, ameng'oka jino la mbele. Mama mkwe anakusalimu shingo upande, ndivyo alivyo. Ng'ombe mzima. Emmah wangu hayupo, yuko chuo cha ualimu Migori. Ndiye aliyeniachia wewe, akasema mama, ukishikwa na wasiwasi, andika badala ya kunipigia simu.

Basi naandika. Wasiwasi ninao!

Darasa lao lina blogu. Kila mwanafunzi anafundisha somo la majaribio, anaandika huko lilivyokwenda, halafu wenzake wanasoma na kumwambia pazuri ni wapi na pa kurekebisha ni wapi. Eti hivyo ndivyo walimu wa kesho wanavyofundishana. Mwalimu wao, Bwana Gisiri, anatoa alama. Bila alama hizo huendi mazoezi ya kufundisha.

Emmah aliandika juu ya kuhesabu kwa vizibo vya soda. Tangu Alhamisi hakuna aliyemjibu. Hata mmoja! Na Cephas, mtoto wa Priscah wa meza ya ng'ambo, ameandika juu ya kuhesabu kwa ndizi, na maoni yamejaa kama nzi sokoni. Leo Priscah ameniita kwa sauti mbele ya wateja. Yawa, Mama Emmah, wa kwako bado hajasomwa? Pole, dada, labda mtandao wake ni mbovu.

Nilimwambia ndizi zake ndizo mbovu. Lakini moyoni niliumia.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata dawa. Nimekwenda kwa Elvis anayetengeneza simu. Nikamwambia anifungulie akaunti. Akauliza jina. Nikasema Mwalimu Stanley. Akauliza picha. Nikampa ya Okari siku ya harusi, na gauni langu jeupe likakatwa lisionekane.

Elvis akasema sasa andika maoni. Niliandika vizuri, kwa adabu, kama tulivyofundishwa darasa la tano. "Mpendwa mwanafunzi mwenzangu Emmah, natumai u mzima. Sisi huku wazima, na Mosoti pia. Somo lako ni zuri mno. Usirekebishe chochote. Anayeona kosa ana wivu. Je, unakula? Lile sweta zito unavaa asubuhi? Ni mimi mwanachuo mwenzako, Stanley. Jibu haraka."

Elvis alicheka mpaka akaweka simu ya mteja chini. Sijui alichekea nini. Kazi safi kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Emmah amepiga simu. Hakusalimu! Ameuliza mbona baba yuko kwa blogu yao amevaa suti. Nikasema watu hufanana. Akauliza Stanley amejuaje sweta. Nikasema baridi ni ya kila mtu.

Hapo akalia. Amesema darasa zima linamwita Mke wa Stanley. Bwana Gisiri ametafuta jina Stanley kwenye rejista, hayupo. Ametangaza kwamba atakayegundulika ameleta watu wa nje kumsifu atapata sifuri na mazoezi yake yatasogezwa muhula ujao. Tena amesema sifa tupu hazimfundishi mtu kitu.

Sifa tupu! Huyo Gisiri alinyonyesha nani? Mimi ndiye niliyeuza ndizi kwenye mvua mtoto afike Migori. Leo nikae kimya? Siwezi. Nimemwambia Emmah asijali, mama atatengeneza. Akasema mama, nakuomba, usitengeneze.

Nimesikia. Lakini mzazi hasikii yote.

Ijumaa, 13 Juni

Nimewaza hivi. Stanley akimsifu Emmah peke yake, watajua ni wa Emmah. Stanley akisema na wengine, atakuwa mwanachuo wa kawaida. Akili hiyo! Nikaenda kwenye somo la Cephas huko bloguni nikaandika: "Mpendwa Cephas, natumai u mzima. Somo baya. Ndizi zilizo kwenye picha zimepuliziwa dawa ziive haraka, na mama yako anajua. Watoto wataumwa tumbo. Rekebisha. Jibu haraka."

Kabla ya saa sita Priscah amefika mezani kwangu, simu mkononi kama panga. Mimi alinipita, akaenda moja kwa moja kwa Okari. Bwana Mwalimu, ameanza, umeanza lini kukagua ndizi? Okari hajui lolote, ana gunia tupu begani. Priscah akamwonyesha picha. Okari akaitazama muda mrefu, akasema alikuwa na nywele nzuri sana siku zile.

Soko zima limejua. Wanampungia mkono, mwalimu, habari ya shule! Na yeye anaitikia! Ati anaona ni heshima.

Priscah ameapa kumpigia Bwana Gisiri. Nikamwambia piga! Huniogopeshi! Halafu nikakaa chini nyuma ya mikungu ya ndizi.

Jumamosi, 14 Juni

Sabato. Sifanyi hila siku ya Bwana. Nimepanga tu.

Jumapili, 15 Juni

Mipango yote imeharibiwa na Emmah mwenyewe. Ameandika kwenye blogu, watu wote wasome, kwamba Stanley ni mama yake. Hakumtuma, ila hamkani. Halafu akawauliza wenzake: tutakapokuwa walimu, na mzazi wa namna hii akaja darasani, hataki mtoto wake aambiwe kosa hata moja, tutafanyaje?

Elvis alinisomea. Nilitaka ardhi ipasuke.

Lakini maoni! Yalishuka kama mvua. Mmoja ana baba aliyepigana na mwalimu juu ya alama moja ya mtihani. Mwingine ana shangazi aliyekwenda shuleni kumfanyia kazi ya nyumbani. Hata Cephas ameandika, akamwambia Emmah vizibo vyake ni vidogo, watoto wa nyuma hawavioni, atumie vikubwa. Emmah akamshukuru! Akasema kweli, hakuona.

Bwana Gisiri amesema swali kama hilo la Emmah ndilo alilokuwa akingoja tangu muhula uanze. Emmah anaenda mazoezi ya kufundisha, shule ya huko Magunga, pamoja na wengine. Nimelia mbele ya Elvis. Wacha nilie, atalia nani kama si mimi!

Jumatatu, 16 Juni

Bwana Gisiri amenitumia ujumbe kwa heshima. Ananikaribisha kuandika maoni kwa jina langu mwenyewe, mradi nitaje jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Nimehangaika asubuhi yote. Mwisho nikaandika: "Kosa: amekonda."

Mpaka jioni hakuna aliyenijibu. Hata mmoja! Na yule Cephas amepata majibu matano kwa maoni yake ya vizibo.

Basi nimerudi kwa Elvis. Tumefungua akaunti ya Mwalimu Oliver. Picha ni ya Elvis mwenyewe na tai ya kuazima. Oliver ameandika: "Mpendwa Mama Emmah, natumai u mzima. Maoni yako yanapita yote. Usirekebishe chochote. Jibu haraka."

Nimeshamjibu.