Shuka Jeupe Chini ya Gari

Jumapili, 8 Septemba 2024

Kamati ya harusi imekutana kwa mwenyekiti, Mama Magreth. Watu kumi na wawili, chapati arobaini, akili hakuna. Ajenda ilikuwa maua. Lakini katibu, Ulimboka, karani mstaafu wa reli ambaye hawezi kusema neno bila kuligongea mhuri, akatoa simu na kuizungusha. Picha ya madoa matatu meusi kwenye uwanja wa kanisa, pale pale ninapoegesha gari langu. Akauliza, kwa upole wa fisi, kama gauni la bibi harusi lina rangi ya oili.

Bibi harusi ni Lightness, binti wa marehemu mdogo wangu Samwel. Samwel akiwa kitandani hospitali nilimshika mkono nikamwahidi kwamba mwanawe atakwenda kanisani ndani ya gari langu, nikiendesha mimi. Hilo Ulimboka hakuliweka kwenye muhtasari.

Uamuzi: Ijumaa saa kumi jioni gari langu litaegeshwa juu ya shuka jeupe kwa nusu saa. Tone moja tu, na Jumamosi Lightness atapelekwa kanisani Mikumi na gari la Ulimboka. Kura kumi na moja dhidi ya moja. Ile moja ni yangu. Mke wangu, Gaudiosa, alikuwa kwenye zile kumi na moja.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeamua kusafisha uvungu wa gari mwenyewe. Mtu aliyesoma hahitaji fundi, fundi ndiye anayemhitaji mtu aliyesoma. Nikainua gari kwa jeki, nikapanga matofali ya kuchoma pande mbili, nikaingia. Huko chini kuna uchafu wa miaka kumi na moja: grisi, tope la Masanze, na unyoya wa kuku.

Sikukaa dakika tano. Mathayo, mwenye gereji ya jirani, alikuwa anapita akaona miguu yangu tu. Akaishika na kunivuta nje kama gunia la mkaa, mbele ya watu. Akaniuliza kama nataka kuwapa kamati msiba na harusi wiki moja. Akasema jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Gari linakaa kwenye stendi za chuma, mahali tambarare, na tairi zinawekewa mawe zisitembee. Tofali linapasuka bila kuaga.

Nikamwambia matofali haya yamejenga nyumba yangu. Akashusha gari, akachukua tofali moja, akalipiga teke. Likagawanyika vipande viwili. Nikamweleza kwamba hilo linathibitisha ubora wa buti lake tu, basi. Akaondoka akitikisa kichwa. Watu wasiozoea hoja hutikisa kichwa.

Jumanne, 10 Septemba

Petroli. Kila mjinga anajua petroli inakata grisi. Nikajaza nusu beseni, nikachukua brashi ya viatu, nikachuchumaa kando ya gari. Gaudiosa alikuwa anachoma vitumbua hatua nne kutoka hapo, jiko la mkaa linawaka vizuri kabisa. Alinitazama mimi, akatazama beseni, akatazama jiko. Hakupiga kelele. Alilibeba beseni akalipeleka nyuma ya nyumba, akarudi akaniambia, baba, kama umechoka kuishi na mimi sema tu, usivisingizie vitumbua.

Nikaendelea kukwangua kwa kisu, bila petroli, huku nimelaza kichwa chini na kutazama juu. Donge likadondoka ndani ya jicho. Gaudiosa amelimiminia maji safi robo saa nzima, huku akizungumza na Mathayo kwa simu ameweka spika. Mathayo akasema vaa miwani, vaa glavu, subiri injini ipoe, funga nyaya kwa mifuko ya nailoni, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na chini tandika pumba za mpunga zinyonye oili.

Sabuni ya vyombo. Gari limekuwa sufuria.

Naandika haya kwa jicho moja. Wapo walioandika mambo makubwa kwa jicho moja.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepata wazo ambalo mafundi wote wa Kilosa hawajawahi kulipata. Kule Tindiga, mfereji wa mashamba una kivuko cha zege cha njia mbili, moja kwa tairi za kila upande, katikati wazi. Ni shimo la gereji tayari, na maji yanapita bure. Nikaegesha juu yake. Nikasimama ndani ya mfereji, maji magotini, nikasugua kwa sabuni ya unga. Uchafu ukatoka. Ukaelea. Ukaondoka zake, wenye rangi za upinde wa mvua, kwenda kwenye vitalu vya watu.

Baada ya robo saa akaja Mzee Yassin, mwenyekiti wa mfereji, na jembe begani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Miaka yangu hamsini na miwili, sijawahi kuona shikamoo inaachwa hewani namna ile. Akaniuliza kama bamia za Tindiga nimeambiwa zinapikwa kwa oili ya gari. Akasema mto ukikosewa unasahau, lakini mfereji una watu.

Nikaanza kumweleza historia ya umwagiliaji. Akanikabidhi gunia la pumba. Wakafunga maji, na mimi nikatandaza pumba, nikazoa, nikatandaza, nikazoa, mpaka alasiri. Wafugaji walioleta ng'ombe kunywa walisimama wameegemea fimbo wakinitazama. Ng'ombe pia. Nilipomaliza, ndipo mzee aliposema marahaba.

Saa kumi na mbili picha yangu ilikuwa kwenye kundi la kamati. Imetumwa na Ulimboka. Chini ameandika: maandalizi yanaendelea vizuri.

Alhamisi, 12 Septemba

Lightness amekuja asubuhi. Alisema, baba mkubwa, mimi nataka kwenda na wewe, nakuomba umsikilize Mathayo.

Kwa ajili yake, si kwa ajili ya hoja, nimempelekea Mathayo gari. Injini baridi, stendi nne, mawe kwenye tairi, mifuko kwenye nyaya, sabuni ya vyombo, brashi, pumba chini, pumba zote zikafungwa kwenye kiroba. Kazi ya saa mbili. Uvungu ukang'aa kama sahani ya sikukuu. Nakiri hivyo hapa tu.

Kisha kwenye ule ung'aavu likatokea tone. Likaning'inia. Likadondoka. Mathayo akafurahi kama aliyeokota pete. Akasema sasa tumeona inakovujia, uchafu ulikuwa umeficha. Gaskiti inayozuia oili isivuje imekwisha. Mpya itatoka Morogoro, itafika Jumatatu.

Harusi ni Jumamosi. Nimejilaza na swali hilo, nimeinuka nalo kabla ya chakula cha usiku, na jibu lake ni jepesi hata naona aibu kwa niaba ya mafundi. Kisicho na oili hakivuji oili.

Ijumaa, 13 Septemba

Ushindi.

Asubuhi nilifungua nati ya chini ya injini, nikamwaga oili yote kwenye dumu, nikaliweka ukutani nyuma ya nyumba. Kwa Mama Magreth ni mteremko, gari likashuka lenyewe bila kuwashwa. Shuka likatandikwa. Nusu saa. Ulimboka alipiga magoti na tochi mchana kweupe. Alipanguza uvungu kwa leso yake, leso ikatoka nyeupe. Uso wake ndio ulioingia doa.

Lightness alinikumbatia akalia. Nilitoa hotuba fupi ya dakika ishirini. Gari limebaki pale likipambwa.

Jioni nilifuata dumu ili nirudishe oili. Tupu. Gaudiosa ameipaka yote kwenye nguzo za banda la kuku, kuzuia mchwa, kama kila mtu hapa anavyofanya na oili chafu. Ameniuliza nilikuwa naitakia nini. Nimesema nguzo zimependeza.

Kununua mpya? Duka la spea linatazamana na baraza ya Ulimboka. Na nikiweka, itavuja mlangoni mwa kanisa. Mikumi si mbali. Oili ni ya safari ndefu.

Jumamosi, 14 Septemba

Tuliondoka kwa vigelegele. Taa nyekundu ikawaka kabla hatujamaliza mji. Lightness akauliza ni ya nini. Nikasema ni sehemu ya mapambo. Mbele kidogo injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga mawe. Nikaongeza sauti ya redio. Tulipopita kijiji cha Ulaya ikapiga kishindo, ikanyamaza.

Ulimboka alikuwa nyuma yetu. Alishuka. Alifungua mlango wa gari lake, na kunyamaza kwake kulikuwa na mhuri.

Nilifungua boneti nisimtazame mtu. Nikamwambia Lightness aende, nitawafuata. Akasema, baba mkubwa, baba hakutaka gari, alitaka wewe unifikishe. Panda. Akanishika mkono, nami nilikuwa nimeshika injini. Nimesafiri kiti cha nyuma cha Ulimboka na mkia wa gauni mapajani. Nimemfikisha hadi altareni kwa miguu. Glavu yake nyeupe ilikuwa na vidole vyangu vinne vyeusi. Hakuivua, hata kwenye picha.

Jumapili, 15 Septemba

Mathayo amevuta gari langu hadi gereji. Injini imenoki, haizunguki tena. Aliuliza oili ilikuwa wapi. Nikasema, kwenye banda la kuku. Alikaa chini.

Nimetafakari kwa kina. Kosa liko wazi: ni usafi wa Mathayo. Uchafu ule ulikuwa umeishikilia injini miaka kumi na moja, yeye akautoa kwa sabuni ya vyombo.

Hata hivyo mimi si mtu wa kinyongo. Gari la Ulimboka limerudi na vumbi na grisi tele uvunguni. Yeye yuko misa ya pili, ufunguo amemwachia mkewe. Nimeamua kumshukuru kwa kulisafisha kabla hajatoka. Jeki ninayo. Matofali ninayo pia, na ile hoja ya Mathayo nimeizingatia: safari hii nimeyapanga mawili mawili.