Dume Aliyekataa Kupanda

Jumanne, 8 Oktoba 2024
Mwezi wa kumi 1998, vita ilipoingia Kindu, tulipoteza dende kumi na saba. Wanyama wa familia ya panya, wanono, bila mkia, nyama tamu. Baba alikuwa na mgongo mmoja. Mimi nilikuwa na miaka tisa na malaria. Alinibeba mimi mpaka Kailo, akaacha kizimba. Askari wakawala wote. Hesabu hiyo sijaikubali mpaka leo.

Nimejijenga upya peke yangu. Sasa dume wangu wa dende anakataa kupanda majike. Analala amezungukwa na watoto wake, anawalamba. Jumamosi Fortunat, mwenye duka kutoka Butembo, ataleta majike sita. Dume akipanda, nusu ya wazao ni yangu. Akikataa, majike wanakwenda kwa Arsène, mfugaji mwenzangu.

Jumatano
Nathalie, daktari wa mifugo, kasema dume haiko mugonjwa. Katika jamii ya panya kuna madume ambao wakikaa na watoto, homoni ya kupanda inashuka, ya kulea inapanda. Kwa dende ni ajabu kidogo, lakini nimuache. Nikauliza kama ni hivyo kwa watu. Akacheka: hata kwa watu, Papa Soudi.

Jioni shemeji Safia kavuka mto toka Alunguli, kaleta ujumbe. Mke wangu Mounira, aliyejifungulia kwa mama yake, anauliza: mutoto iko na wiki tatu, baba yake anangoja nini kumushika? Nimejibu: Jumamosi ipite. Siwezi kujiharibu homoni kabla ya kazi na Fortunat.

Alhamisi
Nimewatenga watoto. Dume nimempa makasu, zile kokwa za kola, na tangawizi, kama wanaume wanavyotafuna sokoni kutafuta nguvu. Kaniuma kidole. Kisha kaanza kulia kwenye wavu, upande wa watoto. Makasu yaliyobaki nimetafuna mwenyewe, kwa kinga.

Ijumaa
Mounira kavuka mto bila kuitwa. Kafungua wavu, kamrudishia dume watoto. Kaniwekea mtoto wetu kifuani, kaonya: akimkuta chini, anarudi kwa mama yake moja kwa moja. Mtoto ananuka maziwa. Nilizuia pumzi, harufu isinishushe homoni. Haiwezekani siku nzima.

Jumamosi
Fortunat kafika. Kaangalia dume chini ya watoto, kaniangalia mimi na mtoto kifuani, kauliza kama hapa njo maternite, wodi ya wazazi. Ningesimama kubishana, mtoto angeamka. Majike sita wamekwenda kwa Arsène.

Kosa ni la Nathalie. Alijua, hakunikinga. Nimemwandikia kwa mkono mmoja, wa pili una kazi: dawa ya kumzuilia mwanaume harufu ya mtoto iko ama haiko? Anijibu wazi, kabla ya Jumatatu saa sita mchana.